Bawa la Kushoto la Bibi Harusi

Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025. Asubuhi hiyo Chang'ombe iliamka chini ya wingu zito lisilotaka kunyesha wala kuondoka. Hewa ilikuwa na unyevu mwingi hata vanishi iliyopakwa jana yake ilikuwa bado inanata, na manyoya ya jogoo yaliyoanikwa kambani nyuma ya karakana yalining'inia kama nguo za mgonjwa.

Felicitas alifika kabla ya wenzake. Kwenye paji la uso alikuwa bado na alama ya majivu aliyopakwa jana kanisani, siku ya kuanza Kwaresima. Hakuiosha kwa sababu ya ibada, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu padri safari hii alikuwa ameichora vizuri, katikati kabisa.

Kazi yake ilikuwa kufunga nzi. Kila alipoitaja kazi hiyo kwenye jumuiya, wageni walimtazama kwa huruma na kumwahidi maombi. Ikabidi awe anaeleza: nzi huyu ni chambo. Unachukua ndoana ndefu, unaibana kwenye jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza, unaivisha uzi, utepe wa fedha na manyoya, na huko nchi za baridi mtu anaitupa mtoni kumvua samaki aitwaye trauti. Wazungu wenyewe ndio wanaoita chambo hicho nzi, ingawa yule aliyefungwa zaidi pale karakana hakuwa na unzi wowote. Alikuwa ni kisamaki: mwili wa fedha, kidevu chekundu, mabawa meupe marefu yanayolala juu ya mgongo kama shela. Mafundi walimwita Bibi Harusi. Tangu marehemu Mzee Mohamedjaffer aanzishe kazi ile nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, mabibi harusi maelfu kwa maelfu walikuwa wamepanda ndege kwenda kuolewa na samaki ambao hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kuwaona. Angalau ndivyo Felicitas alivyoamini.

Karakana ilikuwa na meza moja ndefu na viti saba. Sita vilikuwa viti tu. Cha saba kilikuwa kiti cha dirishani, penye mwanga, na aliyekikalia ndiye aliyekagua kazi ya wengine na kuamua nzi yupi aende na yupi afumuliwe. Kwa miaka yote kiti hicho kilikuwa cha Sekela, mama wa miaka hamsini na nane kutoka Rungwe, ambaye kila mtu alimwita Mama Lulu. Mama Lulu alikuwa na vidole vinene visivyoelekea kabisa kuwa vya kazi ile, na hakujua kusoma zaidi ya jina lake. Ndiye aliyemfundisha Felicitas kazi.

Felicitas alikitaka kiti kile. Hakukitaka kwa tamaa, la. Alikuwa amelipeleka jambo hilo mbele za Mungu kwa novena mbili, akiomba ainuliwe kwa wakati wa Bwana, ila kama inawezekana kabla ya Pasaka. Alijiona amejiandaa. Mwaka wa pili sasa alikuwa akienda masomo ya jioni Temeke, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja akikaa dawati moja na wasichana wanaotafuna ubani, na Kiingereza kilikuwa kimeanza kumfungukia kama mlango uliopakwa mafuta kwenye bawaba. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa kulala, maneno aliyoyakuta ubaoni siku ya kwanza: Kuuliza si ujinga.

Asubuhi hiyo, akisubiri wenzake, macho yake yalitua kwenye kadi iliyopigiliwa ukutani. Ilikuwa ndani ya nailoni iliyogeuka njano, imeandikwa kwa Kiingereza tangu enzi za Mzee, na watu walikuwa wameizoea kama wanavyozoea swichi ya taa. Ilikuwa maelekezo ya Bibi Harusi, yaliyotumwa na mwenye duka la huko ng'ambo aliyekuwa mteja wao mkubwa. Felicitas akatoa kamusi kwenye mkoba. Alisoma polepole, kidole kikitembea. Ndoana, sawa. Utepe wa fedha, mizunguko igusane, sawa. Kidevu chekundu, sawa. Kisha akafika mstari wa mabawa: la kulia na la kushoto yawe na urefu ulio sawa.

Akausoma mara tatu. Kisha akachukua nzi sita wa jana waliokuwa wakisubiri kukauka, akawapima kwa rula ya shule. Wote sita, bawa la kushoto lilikuwa fupi kwa kiasi cha punje ya mchele.

Si kwamba hakujua. Yeye mwenyewe alikuwa akilipunguza bawa hilo kwa miaka tisa. Siku ya kwanza Mama Lulu alimshika mkono, akamwonyesha: huku unapunguza kidogo, asikae sawasawa. Felicitas akapunguza, na hakuwahi kufikiri zaidi ya hapo, kama mtu asivyofikiri kwa nini chapati ni ya duara. Sasa akaelewa. Yule mama hakujua kusoma. Alikosea siku moja zamani, akawafundisha wote kosa lake, nao kwa utii wakalifunga maelfu kwa maelfu. Felicitas alimwonea huruma, huruma ya kweli, ingawa ilikuwa na utamu kidogo kwa ndani. Kisha akasimama, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa kuwafunulia wadogo mambo haya.

Alilijua vizuri neno linalosema ndugu yako akikosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Alikuwa amelisoma mwenyewe kwenye jumuiya wiki mbili nyuma, kwa sauti nzuri. Na alikusudia kufanya hivyo. Lakini siku hiyo Mama Lulu alichelewa, na bosi, Bwana Naqi, mtoto wa marehemu Mzee, alitangulia kufika, na Felicitas akauona mkono wa Mungu katika mpangilio huo.

Naqi alikuwa kwenye siku za mwanzo za Ramadhani, na kichwa kilikuwa kinamgonga kwa kukosa chai. Alikuwa mtu wa nondo na mabati. Kuhusu nzi alijua idadi yao na siku ya kusafiri, basi. Aliisoma kadi, akaenda dukani kuleta kipimo cha chuma, akapima nzi mmoja mmoja, na uso wake ukawa unarefuka kwa kadiri bawa lilivyokuwa fupi. Mkewe Farzana, aliyeshughulika na barua na kufunga mizigo, alisema taratibu kwamba kabla ya yote ni vizuri kumsikiliza Mama Lulu. Naqi akasema atamsikiliza.

Akamsikiliza hivi: mama wa watu alipoingia tu, hata mkoba hajatua, akaulizwa kwa nini bawa la kushoto ni fupi. Akajibu kwamba ndivyo anavyotakiwa Bibi Harusi. Naqi akamwambia kadi inasema yawe sawa.

"Kadi sijaisoma, bosi," akasema Mama Lulu.

"Basi," akasema Naqi.

Ndiyo ikawa kesi yote. Mwishehe, mtu wa kupaka manyoya rangi, aliyekuwa na mzaha kwa kila msiba, akasema kutoka kwenye masufuria yake, "Kumbe harusi zote hizi bibi alikuwaga anachechemea, na bwana harusi kanyamaza." Watu wakacheka chini chini. Mama Lulu hakucheka na hakujitetea. Alitoa mto wake mdogo wa kukalia kwenye kiti cha dirishani, akaukung'uta, akaenda kukaa nyuma karibu na Mwishehe, kwenye kazi ya kuchambua manyoya. Siku hiyo hiyo Naqi akamwandikia mteja kuomba radhi: kosa la bawa limegunduliwa kwa kuisoma kadi iliyoko ukutani, lilikuwa la fundi mmoja, fundi huyo ameondolewa kwenye nafasi yake.

Felicitas akakalia kiti cha dirishani. Alikaa kwanza ukingoni tu, kwa unyenyekevu. Kufika saa sita alikuwa ameegemea.

Huwezi kusema alifanya kazi mbaya. Bibi Harusi wake walikuwa wa kutazamwa. Alichagua manyoya manne kutoka shingo moja ya jogoo, mawili kwa kila upande, yakageuziana migongo. Akayalinganisha kwenye kipimo cha chuma, akayafunga kwa mizunguko mitano iliyobana bila kuyapinda, akajenga kichwa cheusi kidogo kama mbegu ya papai, akapaka vanishi mara tatu, na mwisho akatia jicho kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Wenzake walioleta kazi yenye tofauti hata ya unywele walirudishiwa wafumue. Waliguna kwamba enzi za Mama Lulu hawakuwahi kufumua hivi. Felicitas alijibu kwa upole kwamba enzi za Mama Lulu walikuwa gizani. Kisha kila jioni akamwomba Mungu ampe moyo wa kuvumilia mzigo wa uongozi.

Mzigo wa nzi mia nne na themanini, wote wenye mabawa sawa, ukaondoka. Tarehe ishirini na moja ya Ramadhani karakana ikafungwa kama kila mwaka, kwa kuwa ndiyo siku ya huzuni kubwa kwa madhehebu ya nyumba ya Naqi. Idi ikaja, Farzana akawaletea wote biriani, na Felicitas, aliyekuwa ameacha nyama kwa Kwaresima, akapeleka sahani yake kwa Mama Lulu. Hilo nalo akalihesabu kuwa sadaka. Mama Lulu, vidole vikiwa na rangi ya zambarau hadi kwenye vifundo, alipokea, akamshukuru, akampa nusu Mwishehe. Alikuwa akimsalimia Felicitas kila asubuhi kama zamani, bila kuongeza wala kupunguza, na hiyo salamu ndiyo pekee iliyomsumbua Felicitas. Angependa kidogo anuniwe.

Kule Temeke mwalimu aliwapa insha, nao wachague jambo lililowatokea. Felicitas akaandika "Siku Niliyogundua Kosa," kurasa tatu. Alipata kumi na nane kati ya ishirini. Chini kwa wino mwekundu mwalimu aliandika: Vizuri sana. Lakini Mama Lulu mwenyewe alisemaje? Felicitas alilisoma swali hilo akaona ni uonevu. Insha ilikuwa juu ya ugunduzi. Mama Lulu alihusikaje na ugunduzi?

Basi ikafika Alhamisi Kuu, tarehe 17 Aprili. Mvua ilikuwa imepiga bati tangu alfajiri, na mafundi walikuwa wakifanya haraka ili Wakristo waondoke mapema kwenda kanisani. Farzana akaingia na karatasi mkononi. Akasema bosi yuko bandarini, na hii hapa ni barua kutoka kwa mteja, imekuja kwenye kompyuta naye ameichapa.

"Feli, wewe ndiye msomaji wetu," akasema. "Mie miwani nimeisahau ndani. Simama hapo utusomee, uwe unatafsiri, maana mzigo ni wa wote."

Felicitas akasimama. Karatasi ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa zaidi ya mara moja, lakini hilo hakulitia maanani. Alichowaza ni kwamba laiti mwalimu angemwona. Akakohoa, akaanza.

Mteja alianza kwa salamu. Kisha akasema amepokea nzi mia nne na themanini na kwamba katika miaka yote hajapata kuona waliofungwa kwa unadhifu kama ule. Felicitas alitafsiri sentensi hiyo, akaona haikutosha, akaitafsiri tena kwa maneno mengine. Mwishehe akasema amina.

"Lakini," akaendelea, na kidole chake kikapunguza mwendo. "Lakini, tumewajaribu mtoni siku tatu. Wanaogelea wamenyooka. Trauti anatoka kwenye jiwe lake, anawatazama... anarudi kwenye jiwe lake."

Mwishehe akaacha kukoroga sufuria yake.

Akasoma mbele kwa sababu hakujua namna ya kusimama katikati. Wale wa zamani, mteja alisema, wakivutwa majini walikuwa wakilala ubavu kidogo na kuyumba, mfano wa kisamaki kilichoumia. Watu walisafiri mbali kuja dukani kwake kuwanunua. Na kuhusu kadi: ni kweli kadi ilisema mabawa yawe sawa. Waliiandika wao wenyewe, kabla hawajaona kazi ya Dar es Salaam. Walipoiona, yao waliitupa. Hawakujua kwamba huku bado imetundikwa ukutani. Wanaurudisha mzigo wote.

Felicitas akaisogeza karatasi karibu na uso. Alikuwa amebakiza mistari minne. Jicho, ambalo siku hizi lilikuwa linakwenda mbele kuliko mdomo, lilishafika huko na kuona. Alijua kabisa maneno yale yalisemaje, hakuhitaji kamusi. Wanawake watano walikuwa wakimtazama, na Mwishehe, na kule nyuma Mama Lulu aliyeshika nyoya moja bila kulichambua. Hakuna kati yao aliyejua Kiingereza. Felicitas alimwomba Mungu haraka haraka ampe hekima, na bila kungoja jibu akaruka mistari miwili.

"Anamaliza," akasema, "anasema tunawatakia sikukuu njema, wasalaam."

Akaikunja karatasi. Farzana alikuwa ameegemea mlango, mikono imefumbatwa. Hakusogea na wala hakuiomba karatasi.

"Umeruka, Feli," akasema taratibu. "Pale juu ya wasalaam."

Hapo ndipo Felicitas alipoikumbuka mikunjo ya karatasi. Pia akakumbuka kwamba tangu aanze kazi pale hajawahi kumwona mama huyu na miwani.

Akaikunjua. Sauti yake safari hii haikuwa ile ya kanisani.

"Anasema, 'Unatuambia umemwondoa fundi aliyekuwa akilipunguza bawa. Tafadhali mrudishe kwenye kiti chake kabla hujatufungia nzi mwingine hata mmoja. Na umuulize alijuaje.'"

Swali hilo kila mmoja akamwachia mwenzake. Mwisho Mwishehe, bila mzaha, akageuka kwa jirani yake wa wiki sita.

"Mama Lulu. Ulijuaje?"

Mama Lulu aliliweka nyoya chini kwanza.

"Kwetu huko juu kuna mto wa baridi," akasema. "Trauti wamo. Wazungu wa mashamba ya chai waliwatiaga zamani, kabla sijazaliwa. Mie nimekua nawatazama, nachota maji hapo kila siku. Visamaki vizima vinapita mbele yake, anaviacha. Kikipita kimoja kinachechemea, huyo, anatoka. Mzee Mohamedjaffer aliponipa mfano wa kwanza nikamwambia, mzee, huyu ni mzima mno, hataliwa. Akaniambia, basi muumize wewe, unamjua samaki. Nikamuumiza."

"Na siku ile bosi alipokuuliza," akasema Felicitas, "kwa nini hukusema?"

Mama Lulu akamtazama. Hakukuwa na ukali machoni mwake, na Felicitas angelipa chochote uwepo.

"Niliulizwa habari za kadi, mwanangu. Kadi sikuijua. Habari za samaki sikuulizwa."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa chini ya kiti cha dirishani, na Felicitas alijua bila kulifungua kilichoandikwa kwa mwandiko wa kulala kwenye ukurasa wa kwanza. Alijua pia jioni hiyo padri atapiga magoti kuwaosha watu miguu, na kwamba yeye, Felicitas, alikuwa ameorodheshwa kati ya wale kumi na wawili watakaokaa mbele kuoshwa. Alikuwa ameshanunua soksi mpya.

Akainama, akatoa mkoba wake chini ya kiti, akautoa na mto wake, ambao aliushona mwenyewe kwa kitambaa cha zambarau cha Kwaresima. Akaenda hadi nyuma, akauchukua mto wa Mama Lulu, akaurudisha dirishani, akaukung'uta kabla ya kuuweka. Kisha akasema samahani. Alilisema kwa sauti ndogo, na Mama Lulu akaitikia kwamba yameisha.

"Hayajaisha," akasema Mwishehe, ambaye mzaha ulikuwa umeanza kumrudia. "Mia nne na themanini wanarudi, wazima wa afya. Nani atawaumiza?"

Felicitas akasema atawaumiza yeye, mmoja mmoja.

Mama Lulu alikuwa amekwisha kaa dirishani. Lakini hakushika jiliwa. Alikuwa akiitazama ile kadi ukutani, ndani ya nailoni yake ya njano, kama mtu anayemtazama shahidi aliyemponza mahakamani kwa lugha asiyoijua.

"Mie nataka kitu kimoja," akasema. "Hiyo kadi imenisema wiki sita, na mie sijui imenisema kwa herufi gani. Nifundishe kuisoma."

Farzana akasema ni jambo jema, ila ahadi za sikukuu huyeyuka kabla ya pilau, kwa hiyo Feli aitoe kwa sauti, wote wasikie. Wanawake wakaacha nyuzi zao. Mwishehe akaifunika sufuria. Felicitas akasimama katikati ya karakana, si mbele, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ya Majivu akasema neno bila kulipima litasikikaje.

"Mama Lulu, mbele ya dada Farzana na wenzangu hawa wote, naahidi. Jumanne baada ya Pasaka naanza kukufundisha, herufi kwa herufi, mpaka uisome kadi hiyo mwenyewe, peke yako, sie tukiwa tumesimama tunasikiliza. Na siku hiyo ukifika kwenye mstari wa mabawa, kalamu nitakupa wewe, uufute kwa mkono wako."